Mvinyo wa Wakwe

Baba yake mchumba wa binti yangu aliniuliza kama nimewahi kuiona Ufaransa, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mtoto kama amewahi kuonja aiskrimu. Tulikuwa tumekaa barazani kwao, kaskazini mwa Johannesburg, huko ambako nyumba ya jirani huioni kwa wingi wa miti. Nikamjibu kwamba sijaiona, na Ufaransa nayo haijaniona mimi, na tumekaa hivyo kwa amani miaka yote. Binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Basi utaiona," akasema yule mzee. "Tutakwenda sote watano kabla ya harusi. Meli ndogo, mtoni, katikati ya mashamba ya mizabibu. Watu hufahamiana vizuri wakiwa safarini."

"Mimi ni Mwislamu. Mvinyo sinywi."

"Wala si lazima unywe! Utaangalia mandhari."

Mandhari. Mie nimezaliwa Tanga, nikaja Johannesburg na mume wangu, Mungu amrehemu, tukaishi Joubert Park kwenye ghorofa ambayo lifti yake ilikuwa makazi ya panya, kisha nikahamia Rosettenville, ambako nina duka la kushona mapazia na sare za shule. Kuangalia vitu nisivyoweza kuvinunua nimezoea. Sikujua tu kwamba kuna watu hupanda ndege kwa ajili hiyo.

Tulipokuwa tunarudi, binti yangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Huyu mtoto amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na neno la Kiswahili analitoa pale tu anapotaka kitu. Tukasimama kwenye robot, taa za barabarani, akanigeukia.

"Mama, tafadhali. Usikatae."

"Nimekataa?"

"Umekataa kwa uso."

Basi nikakubali. Kijana mwenyewe sikuwa na neno naye. Alikuwa mrefu, mpole, ameahidi kusilimu, na alishaanza kwenda kwa shehe kujifunza. Aliisoma Alhamdu kwa lafudhi ya mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa, lakini aliisoma. Kilichonikera ni upole wake wenyewe. Ukimwambia kuna joto, anakubali. Ukimwambia kuna baridi, anakubali. Mtu asiyebisha chochote hunipa wasiwasi.

Meli tuliipandia Bordeaux, mwezi ambao zabibu zinachumwa. Ule mto uliosifiwa tangu Johannesburg niliutazama kwa muda mrefu nikitafuta kilichosifiwa. Una rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Maji yake yanapwa na kujaa, na yakipwa kingo zinabaki tope tupu, na juu ya tope hilo kuna vibanda vya wavuvi vilivyosimama juu ya miguu ya miti. Abiria walivipiga picha vibanda hivyo kana kwamba ni misikiti ya kale. Abiria wenyewe walikuwa wazee wastaafu, wengi wao wamechomwa na jua, wamevaa fulana za mistari ili wafanane na mabaharia. Meli ilikuwa haiendi popote. Inasafiri kidogo, inafunga gati, watu wanashushwa, wanapakiwa kwenye basi, wanapelekwa kwenye jumba la mawe, wanakunywa, wanarudishwa. Halafu meli inasogea tena kidogo. Kama shabaha ilikuwa kunywa, wangeweza kunywea Johannesburg na kuokoa nauli. Lakini hilo husemi.

Jioni ya kwanza wahudumu walinifuata na trei kila nilipogeuka. Nilikuwa nimejitanda mtandio wangu kama kawaida, mtu yeyote mwenye macho angejua. Mezani nikafunika glasi kwa kiganja. Mhudumu akitoka huyu, anakuja mwingine, nami nafunika tena.

Yule mzee hakuacha kufundisha. Alikuwa zamani akiongoza kampuni ya kuuza mashine za migodini, akastaafu, na sasa elimu yake yote ilikuwa imehamia kwenye mvinyo. Alinyanyua glasi akaitazama dhidi ya taa, akaizungusha, akaingiza pua humo ndani kama mtu anayetafuta mende. Kisha akatuambia alichonusa. Penseli iliyochongwa. Tandiko la farasi. Majani yaliyolowa mvua. Wenzake mezani wakaitikia kwa vichwa, mmoja akaongeza moshi, mwingine akaongeza ngozi ya kiatu. Sikumsikia hata mmoja aliyesema kwamba kile kitu kina ladha ya zabibu.

Kesho yake tukapelekwa kwenye shamba lililokuwa kokoto tupu. Mie kwa macho yangu niliona ardhi mbovu ambayo hata muhogo ungeikataa. Mzee akainama, akaokota kokoto, akaifuta kwa leso, akaitia mdomoni. Akainyonya amefumba macho.

"Hii," akasema alipoitoa, "ndiyo unayoikuta kwenye glasi."

Akanipa mie nyingine nijaribu. Nikamwambia kifungua kinywa kilinitosha.

Ndani ya ghala la mapipa walisimama foleni mbele ya ndoo. Wanakunywa, wanasukutua, wanatema. Watu wazima, wengine wana magongo, wanatema mbele ya wenzao na kupongezana. Kwetu wanaotema ni wale wanaotafuna tambuu, na hata wao hutafuta kona. Binti yangu hakuonja, nampa haki yake. Alisimama na mchumba wake nyuma kabisa, wakizungumza mambo yao ya ukumbi na wageni. Mie nikakaa kwenye benchi ya mawe, na mke wa mzee akaja kukaa nami.

Huyu mama alikuwa mwembamba, nywele zake fupi nyeupe, bangili nyingi mkononi, na kicheko kilichokuja haraka kabla hujamaliza kusema. Tangu tulipopanda meli alikuwa karibu nami. Mezani alikaa ubavuni pangu, kwenye basi pia, na juu kwenye sitaha alinivutia kiti. Nilidhani ni huruma, ile huruma ya watu wa kwao kwa mjane mwenye mtandio, nikaivumilia. Halafu nikaanza kumpenda kidogo. Aliniuliza habari za mume wangu na akasikiliza jibu mpaka mwisho, jambo ambalo mumewe hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote.

Jambo moja tu alinishauri, na alinishauri kwa upole sana.

"Usiwakatalie wahudumu," aliniambia. "Wanaona vibaya, wanadhani hawakufanya kazi yao. Acha wamimine. Iache tu hapo."

Nikaona maneno yake yana adabu. Nikaacha wamimine.

Siku iliyofuata wakatupeleka kuona zabibu zilizooza. Sisemi kwa mzaha. Kuna sehemu ambako zabibu huachwa mtini mpaka ziote ukungu, zisinyae, ziwe na manyoya ya kijivu kama kitu kilichosahaulika nyuma ya friji, na hizo ndizo zenye mvinyo wa bei kubwa kuliko zote. Mwongozaji alichuma kishada akakipitisha mikononi mwa watu, na watu wakakipokea kwa heshima. Mzee alitoa machozi. Nilimwona mwenyewe, akijifuta na ile leso yake ya kokoto. Nikawaza mapapai niliyowahi kuyatupa Rosettenville, nikajiona mpumbavu.

Ilikuwa mezani siku hiyo, wakinywa maji ya zabibu hizo, nilipoona kwamba glasi yangu ni tupu. Sikuwa nimeigusa. Nilidhani mhudumu ameichukua akaleta nyingine. Akaja, akamimina tena, nami sasa nikawa naitazama kwa pembe ya jicho huku mzee akitueleza habari za ukungu. Yule mama alikuwa akicheka na mwanawe. Mkono wake ukateleza juu ya meza, taratibu, kama mchezaji bao anayehamisha kete bila mwenzake kujua. Glasi yangu ikaenda kwake, yake tupu ikaja kwangu. Hakutazama hata mara moja. Alikuwa na mazoea nayo.

Nikatazama kila mlo uliofuata, na kila mlo ilikuwa vile vile. Hakuwa ananihurumia. Alikuwa amekaa karibu na mtu pekee melini ambaye glasi yake inajazwa na hainywewi.

Nilikasirika, na nilijikasirikia pia kwa kumdhania mema. Chakula kilichofuata, mhudumu alipokuja na chupa, nikafunika glasi kwa kiganja kama mwanzo. Yule mama akanitazama. Kicheko chake kilikuwa tayari kimeanza, kikabaki usoni peke yake.

"Acha amimine," akaninong'oneza.

"Leo sitaki."

Mhudumu akapita. Mama akashika uma, akauweka, akaushika tena. Mumewe wakati huo alikuwa ameinua glasi yake kwenye mwanga na kutuuliza sote tunaona nini ukingoni mwa rangi.

Mchana huo wengine walikwenda kuendesha baiskeli mashambani. Mie nilibaki chumbani nikaswali, na nilikuwa nakunja mswala alipobisha hodi. Akaingia bila kungoja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Umejua," akasema.

"Nimejua."

"Tangu lini?"

"Tangu zabibu mbovu."

Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Akaificha mikono chini ya mapaja.

"Nyumbani naweza," akasema. "Nyumbani kuna mahali pa kuweka. Hapa kila kitu kinamiminwa mbele za watu, na kila mtu anaona amemiminiwa nani."

"Sasa ulipanda meli ya mvinyo kufanya nini?"

"Yeye ndiye aliyetaka."

"Hukuweza kumwambia?"

"Nimwambie nini? Nyumba yetu nzima ni ghala. Nikimaliza nusu chupa kabla ya chakula cha mchana, ananiuliza nimeionaje." Akanitazama. "Nami namjibu. Namwambia ina harufu ya tumbaku, anafurahi."

Nilimwona yule mzee mbele ya macho yangu, amesimama jikoni kwake, mkewe anayumba, naye anasubiri kuambiwa habari za tumbaku.

"Acha wamimine," mama akasema. "Mpaka tushuke tu. Sikuombi kitu kingine. Wewe una bahati, dini yako imekukataza."

"Dini imemkataza kila Mwislamu. Joubert Park tulikuwa na jirani wa Pemba, hafidhi wa Kurani, na tulikuwa tukimzoa ngazini. Usinifanye malaika. Lakini sikuja Ufaransa kuwa kibuyu chako."

Akainuka. Alipofika mlangoni akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu, cha adabu, kwamba mimi ni mwanamke mgumu. Nikamwambia nimeshaambiwa.

Kesho yake alianguka. Tulikuwa tumefunga gati kwenye mji mdogo wenye ngome, maji yamepwa, na ngazi ya kushukia ilikuwa imesimama wima kuliko kawaida. Alikuwa mbele yangu. Nilimwona akitafuta chuma cha kushikilia, mkono ukakosa, akaenda chini kwa uso. Nyusi ikapasuka, damu ikamwagikia skafu yake nyeupe. Nilifika wa kwanza kwa sababu nilikuwa nyuma yake, na nilipoinama kumwinua nikasikia harufu ya mvinyo, na ndiyo kwanza tumemaliza kifungua kinywa.

Mumewe akaja mbio. "Ni hii ngazi," akasema. "Na jua."

Mawingu yalikuwa yametanda kutoka upande mmoja wa mto hadi mwingine.

"Ndiyo, jua," akasema mwongozaji. "Linachosha watu."

"Na viatu," akasema mzee mmoja wa fulana ya mistari. "Soli hizi zinateleza."

Kila aliyefika aliongeza lake. Mwingine akasema ni shinikizo la damu, mwingine akasema hakunywa maji ya kutosha. Watu wale waliokuwa na pua za kunusa penseli na tandiko la farasi ndani ya glasi, wamesimama hatua moja kutoka kwa mwanamke anayenuka mvinyo mpaka kwenye nywele, na hakuna aliyenusa kitu. Mwanawe alimshika mama yake mkono upande wa pili. Hakunitazama.

Daktari wa mji ule alimshona. Chakula cha mchana akaja mezani na plasta juu ya jicho, amebadili nguo, amejipaka rangi ya mdomo. Mezani petu tulikuwa sisi watano peke yetu. Mhudumu akaja na chupa. Yule mzee akainyanyua glasi ya mkewe kwa mkono wake mwenyewe, akaisogeza ijazwe.

"Kidogo kitamtuliza," akasema.

Nikanyoosha mkono, nikaifunika glasi ile kwa kiganja. Mhudumu akabaki amesimama na chupa yake imeinama.

"Tafadhali," akasema mzee.

"Mkeo hakuanguka kwa sababu ya jua. Jua lenyewe liko wapi? Mkeo ni mlevi. Anakunywa glasi yake, anakunywa na yangu, na wewe umekaa hapo unatueleza habari za kokoto."

Niliyasema kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha dukani, hakina maneno ya kufunikia vitu. Nilitumia neno lile lile lenyewe. Watu wa meza ya jirani wakageuka.

Mzee alikuwa mwekundu kuanzia shingoni. Nilidhani atanitukana, na ningemheshimu kidogo kama angenitukana. Badala yake akasema, "Mke wangu anaonja vizuri kuliko mtu yeyote katika meli hii."

Wallahi ndivyo alivyosema. Mke ana nyuzi usoni, na yeye anamsifia ulimi.

"Ni kweli," akasema mama, kwa sauti ndogo.

"Bila shaka ni kweli, una kipaji..."

"Anachosema yeye," mama akaninyooshea kidole, "ndiyo kweli."

Mzee akamgeukia mhudumu. "Mimina," akasema. Mhudumu, Mungu ambariki popote alipo, akaondoka na chupa yake.

Ndipo kijana akafungua mdomo. Tangu nimjue, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimpinga mtu.

"Baba, ni kweli. Tangu niko shule ya msingi. Dereva wa jirani ndiye aliyekuwa akinirudisha nyumbani, unakumbuka? Ulikuwa unasema mama ana kipandauso."

Binti yangu akaweka kisu chini. "Ulijua?" akamuuliza.

"Huwa hatulizungumzi."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa umepanga nilijue lini? Nikishakuwa na watoto, niwalete kwa bibi yao awaangalie?"

Binti yangu akainuka akatoka, nami nikamfuata. Nilimkuta kwenye ujia wa vyumbani, ameegemea ukuta, analia kwa hasira.

"Mama, kwa nini mbele za watu?"

"Faraghani wamekaa nalo miaka yote hii. Limewafikisha wapi?"

"Yule ni mama mkwe wangu!"

"Ndiyo maana."

Hakuniongelesha mpaka kesho yake. Nilivumilia. Nilijua hasira ile inatafuta pa kukaa, na kwangu kulikuwa na nafasi.

Siku zilizobaki za safari zilikuwa ndefu. Mzee alihamia meza nyingine, kwa watu wa fulana za mistari, na kila basi la kwenda kuonja alikuwa wa kwanza kulipanda. Sikuamini mpaka nilipoona kwa macho yangu. Mkewe amelala chumbani na kichwa kinamuuma, mwanawe hasemi naye, harusi inaning'inia, na yeye huyo anakwenda na kofia yake kunyonya kokoto. Aliporudi alinipita sitahani kana kwamba mimi ni kiti.

Mama hakuacha kunywa. Sitaki kudanganya. Yule daktari aliyemshona alikuwa amemwambia kwamba mtu wa kiasi chake akikata ghafla anaweza kupata kifafa, kwamba asubiri afike kwao na asaidiwe na wanaojua. Basi akanywa, lakini sasa aliagiza mwenyewe kwa jina lake, glasi yake, mbele ya watu. Nilikaa naye sitahani, mie na chai yangu, yeye na glasi yake. Hatukuzungumza sana. Mara moja aliniuliza kama bado naona kinyaa kukaa karibu naye. Nikamwambia ninaona, ila kiti changu kinapata kivuli. Akacheka, na safari hii alisubiri nimalize kusema kwanza.

Tulirudi Johannesburg kila mmoja na mzigo wake. Binti yangu aliahirisha harusi. Alimwambia kijana kwamba hataolewa na nyumba ya watu wanaongojea mtu mwingine aseme. Kijana akampeleka mama yake kwenye nyumba ya matibabu yeye mwenyewe, bila kumngoja baba yake akubali. Ilimchukua muda kujifunza kubisha, na alianza vibaya, akawa anabisha hata mambo ambayo hayana haja, rangi ya viti, njia ya kupita. Binti yangu alilalamika. Mie nilifurahi kimyakimya.

Mzee naye akawaambia marafiki zake kwamba mkewe amekwenda Durban kupumzisha mapafu. Hilo nalijua kwa sababu alikuja kuniambia nami niseme hivyo. Alifika Rosettenville mchana mmoja, akaegesha gari lake kubwa mbele ya mlango wa jirani yangu Mreno anayeuza mikate, wakagombana kwanza, kisha akaingia dukani kwangu. Akasimama katikati ya sare za shule zilizoning'inizwa, hajui aweke mikono wapi.

"Watu watauliza siku ya harusi," akasema. "Ningeomba tuwe na kauli moja."

"Kauli ya mapafu?"

"Ni kumlindia heshima yake."

"Umemwuliza yeye?"

Akatazama nje, akahakikisha gari lipo. Kisha akasema jambo ambalo nililitafakari baadaye, ijapokuwa halikunibadilisha. Alisema, "Tulikuwa na furaha, unajua. Ile meza, ile chupa, sisi wawili. Nilidhani ndicho kitu tunachokipenda pamoja."

"Wewe ulikuwa na furaha," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaondoka. Labda mtu mwingine angemwonea huruma. Mie nilimwona mtu aliyeishi na mkewe miaka yote ile akimsikiliza kwa jambo moja tu, lile alilotaka kulisikia, na nyumba ilipoanza kuungua akaja kuomba tukubaliane kwamba hakuna moshi. Sijabadili maoni.

Nikaha ilifungwa baadaye, watu wachache kuliko tulivyopanga, pilau nimepika mie na wanawake wa Kitanga tunaofahamiana tangu Joubert Park. Kijana alisoma kwa lafudhi ile ile mbaya, lakini kwa sauti. Mzee alikuja, akakaa, akala, na mtu mmoja alipomuuliza kuhusu mapafu ya mkewe, mkewe mwenyewe akajibu kutoka upande wa pili wa meza, "Mapafu yangu ni mazima. Nilikuwa mlevi." Yule muulizaji akajilia pilau yake.

Sasa yule mama huja dukani kwangu. Aliteleza akanywa mara moja baada ya kutoka kule kwenye matibabu, akarudi tena huko, na hadi ninavyoandika haya yuko sawa, na kesho siisemei. Nilidhani akiacha pombe atakuwa yule aliyenisikiliza habari za mume wangu kwenye benchi ya mawe. Wapi. Mtu mzima asiyelewa nilimkuta ni mbishi, mchoshi, anajua kila kitu, analalamikia chai yangu kwamba ina tangawizi nyingi, na anawaambia wateja wangu rangi hizo haziwapendezi. Kuna siku najiuliza kwa nini nilijisumbua.

Wiki iliyopita aliinua koti la shule nililokuwa nimelimaliza, akaligeuza, akasema matundu ya vifungo yamekaa upande. Nikamwambia anyamaze au ashike sindano. Akashika sindano. Akakaa pale dirishani mpaka jioni, ameinamisha kichwa, anashona kifungo kimoja. Alipoondoka nilikifumua, maana alikuwa amekishonea upande wa ndani wa koti.